Programu ya bekapu ya kompyuta ya nyumbani: uliza kwanza itarudishaje

Mwezi wa tatu, Jumamosi asubuhi, diski ya laptopu yangu ilianza kugonga: tik, tik, kimya, tik. Kufika saa nne Windows haikuwaka tena. Sikuhangaika sana. Ndani mlikuwa na hesabu za kikoba chetu cha Nkuhungu, hapa Dodoma, akina mama 28, hisa na mikopo ya miaka mitatu, pamoja na picha za marehemu baba yangu. Lakini bekapu, yaani nakala ya akiba, nilikuwa nayo. Miezi 11 mfululizo, programu niliyonunua kwenye duka moja hapa mjini kwa shilingi 60,000 ilikuwa ikifanya kazi usiku, na asubuhi nakuta alama ya kijani.

Nikanunua diski mpya, fundi akaweka Windows, nikaweka programu ileile na kuchomeka diski ya nje. Faili la bekapu lilikuwepo, moja kubwa la GB 140. Nilipobofya kurejesha, kikatokea kidirisha kinachodai leseni. Nikaingiza namba niliyoandikiwa kwa kalamu nyuma ya risiti. Jibu: leseni imefungiwa. Bila leseni programu haikukubali kufungua faili ililotengeneza yenyewe, na hakuna programu nyingine inayolisoma.

Hesabu tulizijenga upya jioni nne, mimi na mweka hazina na daftari lake, kila mama akija na kijitabu chake cha hisa tunalinganisha mstari kwa mstari. Picha za baba nilizopata ni zile tu tulizowahi kutumiana WhatsApp, na hizo ukizikuza uso unakuwa ukungu.

Kwa hiyo katika orodha hii sitapima kasi wala uzuri wa kioo. Karibu programu zote zinajua kuchukua nakala. Ninachokipima ni kurudisha. Je, itafungua bekapu yako bila leseni? Bila intaneti? Kompyuta ikiwa haiwaki kabisa? Na kama laptopu imeibiwa ukanunua nyingine ya aina tofauti, itakubali?

Ninayoipenda, na sifichi, ni Veeam Agent, toleo la bure la Windows. Kampuni hii inajulikana zaidi kwa bekapu za seva za maofisini, ndiyo maana watu wa nyumbani huwasikii wakiitaja. Kurejesha hakudai leseni. Inakutengenezea flashi ya uokoaji, ile ya kuwashia kompyuta Windows ikigoma, na wakati wa kuitengeneza inakusanya draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) za kompyuta yako mwenyewe, ili ukiwasha kwa flashi hiyo, mashine itambue diski na mtandao. Unaweza kurudisha mashine nzima, au kufungua bekapu na kuchomoa faili moja tu la Excel. Inakubali pia kurudisha kwenye kompyuta nyingine.

Kuna kitu kingine ambacho kwa sisi wa Dodoma ni kikubwa. Unaweza kuiamuru ianze bekapu pale tu unapochomeka diski ya nje, kisha ikimaliza iitoe diski hiyo yenyewe. Huna haja ya kuacha diski imening'inia usiku kucha ikisubiri umeme ukatike katikati ya kazi, wala kirusi kinachofunga mafaili hakiikuti imechomekwa. Mimi nachomeka baada ya chakula cha jioni betri ikiwa imejaa, nikimaliza vyombo nayo imemaliza. Diski inarudi kabatini kwenye kopo lenye kifuniko, maana vumbi letu mnalijua.

Mapungufu yake: toleo la bure linakuruhusu kupanga kazi moja tu ya bekapu, na kuipakua lazima ujisajili kwa barua pepe. Lugha yake pia ni ya kiofisi. Vumilia hiyo siku ya kwanza.

Ya pili naweka kitu ambacho tayari unacho ndani ya Windows: File History. Watu wanaidharau kwa sababu haichukui mfumo mzima, yaani Windows na programu zake, inachukua Documents, Pictures, Desktop na folda za namna hiyo. Lakini kwa kipimo changu, kurudisha kwake ni kwepesi kuliko zote. Nakala zinakaa kwenye diski ya nje kama mafaili ya kawaida, kila moja na tarehe na saa kwenye jina lake. Peleka diski hiyo kwa jirani, fungua kwa kompyuta yake, picha ni hizo hapo. Ningeitumia pamoja na Veeam.

Ya tatu ni Hasleo Backup Suite ya bure. Inachukua mfumo mzima, ina flashi ya uokoaji, inarudisha hata kwenye mashine yenye vifaa tofauti, na vidirisha vyake ni rahisi kuelewa. Kama Veeam imekushinda, njoo hapa.

AOMEI Backupper Standard nayo ni ya bure, ila kurudisha kwenye kompyuta ya aina tofauti kumewekwa upande wa kulipia, yaani unalikuta lango limefungwa siku ile ile umeibiwa. Clonezilla ni imara, lakini diski unayorudishia lazima iwe na ukubwa sawa au zaidi, na maandishi yake kwenye kioo cheusi yanawatisha wengi.

Za kulipia: Acronis True Image ni nzuri, lakini ni takriban dola 50 kwa mwaka, kila mwaka, na unahitaji kadi inayolipa mtandaoni. Macrium Reflect niliiheshimu sana. Toleo lake la bure lilikoma Januari 2024, kwa hiyo mtu anayekuuzia leo "Macrium ya bure" kwenye flashi anakuuzia kitu cha zamani.

Za kuhifadhi mtandaoni: Google Drive inatoa GB 15 bure na OneDrive GB 5. Weka humo vyeti na hesabu, basi. Ukifuta faili kwenye kompyuta, linafutika na kule, na pipa lao la takataka linakaa nalo siku 30. Na bando la kupandisha picha za miaka kumi ni nani atalilipa?

Kuhusu programu za kufufua kilichofutwa, nisiseme mengi. Recuva na PhotoRec ni za bure, zijaribu kabla hujampa mtu hela, na usiziweke kwenye diski ileile yenye mafaili yaliyopotea. PhotoRec inarudisha picha bila majina yake. Diski ikiwa ni SSD, ile ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka, matumaini ni madogo.

Sasa hawa wauzaji. Nilirudi dukani na risiti yangu. Kijana akaniambia, "Dada, programu ikishafunguliwa hairudishwi." Nikamuuliza leseni ile aliipata wapi, akanyamaza, akahudumia mteja mwingine. Ilikuwa namba ya wizi, imeuzwa kwa watu wengi mpaka wenyewe wakaifungia, na mimi nililipa 60,000 taslimu. Nimekuta pia duka linalotoza 30,000 kuweka programu ambayo mwenye nayo anaigawa bure. Fundi kulipwa kwa muda wake ni haki. Lakini mwambie mteja ukweli kwamba analipia kazi ya mikono, na umwachie flashi ya uokoaji mkononi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, "Mama, umejaribu kurudisha?"

Jaribu leo, ni nusu saa. Tengeneza faili liite jaribio, chukua bekapu, lifute, lirudishe. Kisha zima kompyuta, chomeka flashi ya uokoaji, washa huku unabonyeza F9 kama ni HP, F12 kama ni Dell au Lenovo, kisha chagua flashi hiyo. Fika mpaka uione bekapu yako kwenye orodha, halafu ghairi, usibonyeze kitufe cha mwisho, kitafuta diski. Ikikudai namba ya BitLocker, kufuli la Windows la diski, yenye tarakimu 48, ujue diski yako imefungwa kwa siri. Namba hiyo mara nyingi iko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Iandike kwenye karatasi, iweke pamoja na hati ya kiwanja.

Na flashi au diski yoyote unayouziwa kwa bei ya kutupa ikiandikwa TB 2, ipime kwa programu ya bure ya H2testw kabla ya kuweka kitu. Flashi bandia inapokea mafaili yote bila kulalamika, inakuonyesha majina yake yote, na ukifungua ndani hamna kitu.