Tango au ndimu? Kabla hujatoa buku lako, angalia kikonyo

Jumapili iliyopita nilimwaga bakuli zima la kachumbari. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Singida, kuku wa kienyeji yuko mezani, ugali wa mtama bado wa moto, mambo yote yanakwenda vizuri mpaka alipotafuna kipande cha kwanza cha tango. Alitafuna taratibu, akameza, akavuta maji. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii mmeweka dawa?"

Matango matano, shilingi mia tano kila moja, na mawili kati yake yalikuwa machungu kama shubiri. Mawili yanatosha. Ukishayakatakata na kuyachanganya na nyanya na kitunguu, huwezi tena kujua lipi ni lipi.

Sasa, wasomaji wangu huniuliza mara kwa mara: kati ya ndimu na tango kipi kina faida zaidi mwilini, nina buku tu mkononi? Nimekuwa nikikwepa swali hili. Leo nalijibu, na hasira za Jumapili bado ninazo.

Majedwali ya lishe yanasema gramu 100 za ndimu zina kama miligramu 29 za vitamini C, na gramu 100 za tango lenye ganda zina miligramu 3, hata hazifiki. Mtu akiishia hapo anatangaza ushindi wa ndimu na kwenda zake. Lakini nani anakula gramu 100 za ndimu? Unachukua ndimu moja ndogo, hizi zetu zenye mbegu, unakamua, unapata vijiko viwili vya chakula ukibahatika. Hapo umepata kama miligramu 9. Tango la gramu 300 unalimaliza peke yako taarifa ya habari haijafika kwenye michezo, nalo limekupa miligramu 8 na ushee. Sare! Ukija kwenye potasiamu ndimu haionekani hata vumbi: tango zima lina zaidi ya miligramu 400, maji ya ndimu moja yana kama 35. Na asilimia 95 ya tango ni maji. Wanaolicheka kwa hilo hawajawahi kushuka daladala saa nane mchana hapa Dodoma mwezi wa Oktoba.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni tango, na sifichi: ni Ashley, lililotoka kwenye bustani inayomwagiliwa kila siku. Ni mbegu ya zamani, wakulima wengi wanaijua, tunda lake ni la kijani kibichi iliyokolea na halina urefu wa kujionyesha. Yale marefu yanayong'aa ya kitalu nyumba ni mazuri pia, ila bei yake ni ya watu wa semina.

Lakini Ashley au si Ashley, kuna kitu wanunuzi hawakitazami. Wanatazama rangi. Wanatazama unene. Wanabonyeza, wanagonga kwa kucha kama wanapima tikiti. Kikonyo, pale tunda liliposhikana na mmea, hakuna anayehangaika nacho.

Mtango hutengeneza kemikali chungu iitwayo kukabitasini, silaha yake dhidi ya wadudu. Mmea ukiteseka kwa kiu na joto, kemikali hiyo huongezeka na kuingia kwenye tunda, na hukaa zaidi upande wa kikonyo na chini kidogo ya ganda. Kiu na joto! Mvua zetu zinaanza Desemba na kukata Aprili. Baada ya hapo mtango unaishi kwa pampu na ndoo. Mkulima akiruka kumwagilia siku mbili tatu, wewe ndiye unayekuja kuulizwa na mama mkwe kama umeweka dawa.

Ukiwa sokoni, tango lenye tumbo nene na shingo iliyosinyaa upande wa kikonyo, au lililopinda kama mundu, lirudishe. Limekua kwa shida. Si kila lililopinda ni chungu, ila mimi siendi sokoni kubahatisha. Kisha omba likatwe moja kwenye kikonyo, ulionje kwa ncha ya ulimi. Nyumbani onja kila moja kabla ya kuchanganya, kila moja, hata kama wageni wamefika mlangoni. Kuhusu ule utaratibu wa kukata ncha na kuisugua mpaka povu litoke, bibi yangu aliufuata maisha yake yote na mimi nimesugua mpaka kiganja kikauma. Sijaona povu likipunguza uchungu. Kinachopunguza ni kile kipande ulichokitupa.

Na msidhani nalalamikia ladha tu. Tango likiwa chungu unalimenya, tena unamenya nene. Lenye ganda lina kama mikrogramu 16 za vitamini K kwa gramu 100; likimenywa zinabaki 7. Sehemu ya nyuzinyuzi nayo imeenda na maganda kwa kuku. Yaani umelipia virutubisho ukala maji. Likiwa chungu la kukunja uso, tupa lote, litakusokota tumbo.

Namba mbili ni ndimu, na nafasi hiyo inaistahili kwa haki, maana ina kazi ambayo tango haliiwezi. Ikamulie kwenye mlenda, mchicha au maharage: vitamini C iliyokolea namna hiyo husaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye vyakula vya mimea. Kama nyumbani nyama inaonekana mwisho wa mwezi, hilo si jambo dogo. Unaponunua, achana na zile ngumu za kijani kibichi ambazo muuzaji anazisifu kuwa "fresh". Hazijaiva, maji hazina. Chukua yenye ganda jembamba, laini, iliyoanza unjano, nzito kuliko unavyoitegemea.

Na ikamue unapokula. Jeshi la majini la Uingereza liliwahi kuponzwa na jambo hili. Katika karne ya 19 lilihama kutoka malimao kwenda ndimu, na maji yake yakawa yanapitishwa kwenye mabomba ya shaba na kuwekwa muda mrefu, mpaka vitamini C ikapungua mno. Msafara wa nahodha wao Nares ulioelekea kaskazini mwa dunia mwaka 1875 ulipata kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na maji ya ndimu yakiwemo melini. Sasa wewe na ile chupa uliyokamua Jumatatu...

Limao ni la tatu. Kwa haki ya mahesabu maji yake yana vitamini C kuzidi ya ndimu, kama miligramu 39 kwa 30 katika gramu 100, lakini harufu yake kwenye kachumbari hainipi raha. Matango ya kienyeji ya masika ni rahisi na ni matamu yakiwa machanga. Fungu la jioni ni bahati nasibu. Maji ya ndimu ya dukani, hapana.

Na lile jagi la "kusafisha mwili", vipande vitatu vya tango na viwili vya ndimu vinavyoelea, linauzwa bei ya sahani ya wali maharage! Kazi ya kusafisha inafanywa na ini na figo zako bila malipo. Kula hivyo vipande.

Ila kinachoniudhi kuliko jagi ni fungu. Kwa nini mpaka leo ndimu inauzwa kwa kutazama? Juu zimepangwa nne nono, chini zimejificha sita kama gololi. Ukiomba mzani unaambiwa mteja unaringa. Bunge likianza vikao, fungu lile lile linapungua ndimu mbili, bei haisogei, na ukiuliza unajibiwa "waheshimiwa wapo mjini, dada". Mimi mheshimiwa?

Juzi nimerudi sokoni na kisu kidogo kwenye pochi. Nikamwomba mama mmoja nimkatie tango moja kwenye kikonyo, nitalilipia liwe tamu lisiwe tamu. Akanitazama kuanzia miguuni. "Anti, hapa sokoni, si maabara." Nikakata, nikaonja, nikampa na yeye kipande. Akatafuna, akatema pembeni, akainama chini ya meza akavuta tenga jingine.