Filamu ya infraredi studio: baibui langu limekwenda wapi?

Roli ya kwanza ilitoka tupu. Picha 36, zote safi kama kioo cha dirisha, hata kivuli cha pua hakuna. Nikalaumu dawa, nikalaumu maji, nikamlaumu na kijana wa watu aliyenibebea filamu kutoka Ulaya. Kumbe mkosa ni taa.

Filamu yenyewe ni Rollei Infrared 400 ya milimita 35. Inaona kila tunachokiona sisi, kisha inaendelea ndani ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, mpaka kama nanomita 820 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Mbele ya lenzi nafunga filta ya Hoya R72, ambayo ukiishika mkononi unaona kipande cheusi tu. Inazuia karibu mwanga wote ulio chini ya 720, kwa hiyo kinachoifikia filamu ni kile ambacho macho hayana habari nacho.

Sasa studio niliyokodi, huko Mlandege mjini Unguja, ina taa za LED peke yake. Mwenyewe akanihakikishia, "Zinatosha hizi, dada yangu, mpaka video za harusi tunapigia." Kwa video ni kweli. Lakini LED nyeupe ikifika juu ya 720 haina karibu kitu cha kutoa. Mita ya mwanga ilisoma vizuri kabisa, maana nayo haikuwa inapima nilichokihitaji, na filamu ikakaa gizani saa nzima huku mimi najiona fundi.

Safari ya pili nilikwenda na taa zangu: halojeni mbili za wati 500, zile wanazotumia mafundi wa ujenzi usiku. Sehemu kubwa ya umeme zinaoula hutoka kama infraredi, ndiyo maana ukizisogelea zinakuchoma. Nikamjazia mwenye studio umeme wa Tukuza kabla hajauliza. Wifi yangu, aliyekubali kukaa mbele ya kamera kwa ahadi ya urojo, alitoka jasho mpaka tukawa tunapumzika kila baada ya picha tatu. Feni haiwezekani: kamera ikikaa wazi robo sekunde, ushungi ukitikisika tu picha imeharibika.

Ndiyo, robo sekunde, tundu la lenzi likiwa f/5.6. Boksi linasema ISO 400, yaani wepesi wa filamu kunasa mwanga, lakini ukishafunga filta hiyo uihesabu kama 12, upime bila filta, kisha upige na ya nusu sekunde na ya moja ya nane kujilinda. Tripodi si hiari. Fokasi pia inahama, kwa sababu infraredi haikutani pale pale na mwanga wa kawaida. Mimi natumia Nikon FM2 na lenzi ya zamani yenye alama ndogo nyekundu pembeni ya mstari wa fokasi: nalenga kabla ya kufunga filta, nasoma umbali, nausogeza hadi kwenye ile alama. Lenzi nyingi za leo hazina alama hiyo. Na tahadhari na kamera za otomatiki ambazo huhesabu picha kwa kijitaa cha infraredi ndani, zinaweza kukuchafulia ukingo wa filamu.

Kosa jengine ni langu peke yangu. Nilifungua kikopo barazani, saa saba mchana. Plastiki ya filamu hii ni angavu, mwanga ukiingia kwenye ule ulimi wa mwanzo unasafiri ndani kama maji kwenye mpira. Picha nne za kwanza zikaungua. Ipakieni chumbani, pazia limefungwa.

Kusafisha nilisafisha mwenyewe, beseni la barafu pembeni, kwani dawa inataka nyuzi 20 na maji ya bomba letu hayajawahi kuzijua.

Na picha? Wifi alikuwa amevaa kikuba, asumini na mrehani. Kwenye negativu nilidhani nimekosea tena, kisha nilipochapa nikaona: majani ya mrehani yamekuwa meupe sawa na asumini, huwezi kujua lipi jani lipi ua isipokuwa kwa umbo. Majani mabichi hurudisha infraredi kwa wingi, jambo ambalo mwanafizikia wa Marekani, Robert Wood, aliwaonyesha watu kwa picha tangu 1910. Ngozi imekuwa laini kama kaure, midomo imepauka, macho yamezidi weusi. Hina iliyoiva mikononi imebaki kivuli.

Baibui ndilo lililomshtua. Jeusi tititi, la polyester, limetoka kijivu cha maziwa. "Wifi, hili la nani?" Nikamwambia lako. Hakuamini mpaka leo. Kwa hiyo aliyelelewa na picha za nyeusi na nyeupe za Capital Art Studio ya Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, asitegemee weusi ule hapa. Wala asitegemee ule mng'aro wa ukungu wa filamu ya infraredi ya zamani, Kodak HIE, iliyosimamishwa 2007. Rollei hii ina mng'aro mdogo, ni kavu zaidi, nami naipenda hivyo.

Kwa mteja wa harusi siipigi. Bibi harusi atadai hina yake. Kwa nafsi yangu nimebakiza roli moja, iko kwenye friji nyuma ya chupa ya ukwaju, na wifi ameshasema mara hii anataka taa moja na urojo kabla, si baada.