Alexa+ katika nyumba ya familia ya Kiswahili nchini Marekani

Alexa+, msaidizi wa sauti wa nyumbani ambayo Amazon iliitangaza Februari 2025 kwa kuanzia na watumiaji wa Marekani, imekusudiwa kuwa zaidi ya sauti inayowasha taa kwa amri. Msaidizi wa awali, Alexa, aliyezinduliwa mwaka 2014 pamoja na spika ya Echo, kwa kawaida alitaka aitwe kwa jina na apewe agizo lililonyooka. Huyu mpya anaendeshwa na akili mnemba ya mazungumzo, hivyo hukumbuka ulichotangulia kusema, na ukimweleza tu kwamba chumba kina baridi, huelewa kuwa unataka joto liongezwe.

Sifa zake ziko kwenye kazi za nyumbani. Jikoni, mikono ikiwa imejaa unga wa chapati, kumwagiza ahesabu dakika za wali na za maharage kwa wakati mmoja, kila hesabu na jina lake, ni nafuu ya kweli. Taa, plagi na kufuli za kampuni mbalimbali huunganishwa kwa urahisi zaidi zikiwa zimetengenezwa kwa kufuata Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa vya nyumbani, kwa hiyo ni vyema mnunuzi aitafute nembo yake kwenye boksi kabla ya kulipa.

Kama mwenzi wa kuzungumza naye, hata hivyo, ana upungufu mkubwa kwa nyumba kama yetu: hatumii Kiswahili. Watoto wanaosoma hapa hawaoni tatizo lolote, lakini bibi aliyetoka Tanga kuja kuwaona wajukuu hana namna ya kumwamuru azime hata taa ya chumba anacholala, ilhali ndiye anayeshinda nyumbani peke yake na ndiye angefaidika zaidi na wa kupiga naye soga. (Swichi za ukutani zisiondolewe kamwe.)

Lipo pia suala la faragha. Spika hulisikiliza jina lake ndani ya kifaa chenyewe, lakini maneno yanayofuata husafirishwa hadi kwenye seva za Amazon, na chaguo la kuzuia sauti isipelekwe huko, lililokuwepo kwenye baadhi ya Echo, liliondolewa tarehe 28 Machi 2025. Kilichobaki ni kuagiza rekodi zisihifadhiwe. Ikumbukwe kwamba mwaka 2023 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 25 kumaliza shauri la serikali ya Marekani kuhusu rekodi za sauti za watoto. Ndiyo maana spika yetu inakaa jikoni, si chumbani kwa watoto, na yanapoanza mazungumzo ya posa, madeni au ugonjwa, tunabonyeza kitufe cha kuzima maikrofoni mpaka taa nyekundu iwake.

Kwa bei iliyotangazwa, wanachama wa Prime, uanachama wa kulipia wa Amazon, hawaongezi kitu, na asiye mwanachama hulipa dola 19.99 kwa mwezi. Mwenye Prime tayari hana sababu ya kutoijaribu. Kulipa kiasi hicho kwa ajili yake peke yake, sishauri.