Umeme kichwani dakika 20, mkono umelala tu

Sikupanga kuandika haya, ila tangu juzi kila nikishika mkasi hasira inanipanda upya.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini. Mwaka jana kiharusi kilinipiga upande wa kulia. Mguu ulirudi mapema, mkono ukagoma. Kuna kliniki moja ya mazoezi ya viungo, siitaji, wana kifaa cha kupitisha umeme mdogo kichwani. Hawapasui wala hawachomi sindano: sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, mkanda, basi. Moja inakaa kushoto, maana ubongo wa kushoto ndio wenye mkono wa kulia. Unasikia mwasho kama umegusa upupu kwa mbali, halafu unapotea.

Mwanzoni alinihudumia dada mmoja, Mungu ampe kheri. Alinieleza: umeme huu hausogezi mkono. Si kama mashine ya sumaku, ile ikipigwa kichwani dole gumba linaruka lenyewe. Huu unauamsha ubongo tu, kazi ni yako. Kwa hiyo mashine ikiwaka, ananiwekea bakuli mbili na korosho ghafi, nihamishe moja moja. Siku ya kwanza nilihamisha tatu. Zilizobaki zikaviringika hadi uvunguni mwa kabati, yeye kapiga magoti anaokota, tunacheka. Baada ya wiki kadhaa nilifunga vifungo vya gauni langu mwenyewe. Nililia.

Sasa juzi dada hayupo, nikapewa kijana. Kafunga mkanda, kabonyeza, kakaa na simu yake. Nikamuuliza, "Mwanangu, korosho ziko wapi?" Hata uso hakuinua. "Mama tulia, mashine inafanya kazi." Nikajaribu kumweleza alivyokuwa akifanya mwenzake. "Kwani mama, udaktari ulisomea wapi?" Mbele za watu! Nikanyamaza. Dakika 20 mkono umelala pajani kama kibua sokoni. Hela wakachukua yote.

Nilitaka kuwaambia msiende kabisa. Lakini vifungo nilifunga, siwezi kukana. Au ni korosho zilizonisaidia, umeme ulisindikiza tu? Mwanangu aliyeko chuo anasema hata wataalamu bado wanabishana, kuna wanaopata nafuu na kuna wasioona tofauti. Akaniambia pia kwamba mwaka 2000 huko Göttingen, Ujerumani, watafiti wawili, Nitsche na Paulus, walionyesha umeme huu unaamsha sehemu ya ubongo inayoongoza mkono, na ukizimwa athari yake inabaki dakika chache. Dakika chache! Halafu mtu anakwambia tulia. Huo si wizi?

Dada yule nampa nyota zote. Kliniki, sijui, leo nasema mbili, jana ningesema sifuri.

Alhamisi nina zamu tena. Korosho nimeshazitia kwenye mkoba wangu, na kama ni yule kijana, zikidondoka ataokota.