Rula ya plastiki ndiyo iliyonichagulia kompyuta

Mchana nina steshenari, kibanda cha mabati hapa Mwanza, njia ya kwenda Malimbe, kule kwa wanachuo. Nachapa barua, natoa kopi, najaza fomu za mikopo msimu ukifika, napanga wasifu wa watu wanaotafuta kazi. Jioni nachora: lebo za pakiti za dagaa, kadi za harusi, picha za vitabu vya watoto zikipatikana. Miaka yote nilichora kwenye karatasi, nikaskani, kisha nikakaa kufuta uchafu kwa mausi hadi kifundo cha mkono kikawaka moto. Mwishowe nikasema natafuta mashine moja ya kufanya yote mawili, maana mbili sina hela ya kuzinunua wala mabega ya kuzibeba kwenye daladala.

Nilinunua mara mbili. Ya kwanza iliniuma, basi tuanze nayo hiyo.

Duka lilikuwa katikati ya mji. Kijana wa mauzo aliikunja kompyuta kinyumenyume hadi kibodi ikalala chini ya kioo, akakigusa kwa kidole, picha ikasogea. "Dada yangu, hii ni tachi kamili. Kalamu yoyote inakubali." Akanipa na kalamu ya zawadi, ncha yake ya mpira mweusi, nene kama kidole cha mtoto. Laki sita na nusu zikaondoka.

Usiku ule nyumbani Mkuyuni nilianza kuchora sato. Nikikandamiza, mstari unene ule ule. Nikilegeza, unene ule ule. Nikiegemeza kiganja kwenye kioo kama ninavyofanya kwenye karatasi, samaki anaota madoa tumboni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kile kioo kinajua kidole tu, na ile kalamu ya mpira ni kidole cha bandia. Mashine ya kuchorea lazima iwe na kitu cha pili ndani yake, kinachoitambua ncha ya kalamu yenyewe, kikapima imekandamizwa kiasi gani na kukipuuza kiganja. Kompyuta nyingi za kukunja hazina. Na hata toleo lile lile, jina lile lile, moja linaweza kutoka kiwandani likiwa nacho na jingine bila. Ukishanunua lisilonacho, yamekwisha, hakuna cha maana fundi atakachokuongezea.

Niliiuza kwa mwanachuo mmoja kwa laki nne na nusu, nikimwambia ukweli wote. Kwa kuchapa na kuangalia filamu ilikuwa nzuri tu, na hadi leo anaitumia.

Baada ya pale kila mtu alikuwa na ushauri. Dada yangu ni mwalimu, akaniletea kishikwambi chake, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 na baadaye wakagawiwa walimu. Nikajaribu siku mbili. Kile ni chombo cha kujazia dodoso, magamba ya samaki hayakihusu. Rafiki mwingine akasema chukua iPad na kalamu yake, na hapo sikubishi: tangu Apple walete Apple Pencil mwaka 2015, kwa mchoraji anayechora tu sijaona sababu ya kuhangaika. Lakini mimi saa mbili asubuhi nina foleni ya watu wenye flashi, printa ya zamani inayotaka Windows, na mafaili ya Word yaliyopangwa kwa majedwali ya ajabu. iPad ingenifanya mchoraji mzuri mwenye biashara iliyofungwa.

Basi nikaanza kusoma habari za kalamu. Kumbe zina makabila. Kuna ile ya kampuni ya Wacom isiyo na betri: nyuma ya kioo kuna bamba linalotoa uga wa sumaku, ndani ya kalamu kuna koili ndogo inayopata nguvu yake humo humo. S Pen ya Samsung ni ya ukoo huo. Halafu kuna zinazotaka umeme wao wenyewe, ama betri, ama kuchajiwa, na hizo nazo zimegawanyika: Wacom wana ya kwao, Microsoft wana ya kwao iliyotokana na kampuni ya N-trig. Kompyuta zao za Surface Pro, mbili za mwanzo zilitumia kalamu ya Wacom, kisha Surface Pro 3 ya mwaka 2014 ikahamia N-trig. Kwa hiyo mtu mwenye kalamu ya Surface hizo mbili za mwanzo akiileta kwenye Surface mpya, inakuwa kijiti. Kwa kawaida kabila moja halisikii lugha ya jingine. Ukinunua mashine iliyotumika bila kalamu yake, kwa kuambiwa "kalamu utapata tu", umenunua nusu.

Jingine linalosumbua watu bure ni zile namba za ngazi za mkandamizo, yaani viwango vya nguvu ya mkono ambavyo kalamu inaweza kuvitofautisha. Kalamu ya Surface Pro 4 ilitangazwa kwa ngazi 1024, ya mwaka 2017 ikatangazwa kwa 4096. Nimewahi kuchora na zote mbili, mkono wangu haukuona hiyo tofauti ya mara nne. Nilichoona ni kama mstari unaanza kwa mguso mwepesi, au hadi uibonyeze kalamu kama unachoma sindano. Hilo halimo kwenye karatasi ya sifa.

Nilichojifunza, na ndicho kilichonifanya niandike haya, ni kipimo cha rula. Weka rula ya plastiki juu ya kioo kwa mshazari, kutoka kona hadi kona. Ya chuma usithubutu, utafukuzwa dukani. Fungua Paint au chochote kinachochora, chagua brashi nyembamba, kisha vuta kalamu kando ya rula taratibu sana, mwendo wa kinyonga. Rula imenyooka, mkono umebanwa na rula, kwa hiyo mstari nao unatakiwa kunyooka. Kwenye mashine nyingi haunyooki. Unatoka na mawimbi madogo, kama ziwa saa nne asubuhi upepo unapoanza. Sababu ni kwamba chini ya kioo kuna nyaya nyembamba zilizopangwa kama wavu, na ncha ikiwa kati ya uzi na uzi, mashine inakisia iko wapi. Ukivuta haraka, makisio hayaonekani. Ukivuta polepole, yanaonekana yote.

Jumamosi nne nilizunguka mjini na rula kwenye pochi, kuanzia Makoroboi hadi Barabara ya Nyerere. Wauzaji walinishangaa. Mmoja aliniuliza kama mimi ni fundi seremala. Mwingine, mzee mtaratibu, alivuta stuli akaniambia, "Pima mama, pima, ukiridhika ndiyo tuongee bei." Kwake ndipo niliponunua.

Alikuwa na mbili zenye kalamu hai, yaani ile ambayo mashine inaitambua ncha yake na mkandamizo wake. Moja ni ya kung'oa kibodi, nyepesi, gramu 800 hivi ukiiacha kibodi mezani. Kioo chake uwiano wa tatu kwa mbili, kwa hiyo ukikisimamisha kinakaribiana na karatasi ya A4, jambo ambalo mtu wa steshenari analipenda kuliko anavyoweza kueleza. Mstari wake ulikuwa na mawimbi kidogo, ya kuvumilika. Nikaiweka mapajani nichape, ikapinduka. Mguu wake wa nyuma unataka meza pana, na kaunta yangu mimi imejaa printa, mashine ya kopi, mkasi na simu za wateja zilizoletwa kuchajiwa.

Ya pili ni ya kukunja, ule mtindo ambao Lenovo waliuanza na Yoga mwaka 2012 na wengine wakaufuata. Kibodi haing'oki, inazungukia nyuma. Nzito, kilo moja na nusu hivi. Kalamu yake inaingia kwenye kitundu ubavuni na kuchajiwa humo humo. Mawimbi yake yalikuwa madogo kuliko ya mwenzake, na ncha ilikuwa inaugusa mstari hasa, si ule uchoraji wa juu ya dirisha ambapo wino unaonekana uko shimoni. Processa ya Intel kizazi cha nane, RAM GB 8. Hicho kizazi nilikitaka makusudi, maana Windows 11 inaanzia hapo kwa mashine za Intel, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Laki nane na nusu pamoja na kalamu na chaja. Jina la toleo sitaliandika. Nikiliandika mtalitafuta jina, muache kushika rula.

Kazi ya kwanza kubwa ilinitia adabu. Bwana harusi wa Igoma alitaka kadi yenye Jiwe la Bismarck, ziwa nyuma, maharusi kwa mbali. Sasa miamba ya Mwanza haichoreki kwa haraka. Lile jiwe la juu lina mgongo mmoja mrefu, mnene, unaopanda na kushuka polepole, na ukikosea kidogo tu linakuwa kiazi. Mstari wa polepole, tena wa mshazari: yaani mtihani ule ule wa rula, safari hii bila rula. Mawimbi niliyoyaona madogo dukani yakajitokeza kwenye mgongo wa jiwe kama kamba iliyolowa.

Dawa niliipata ndani ya Krita, programu ya kuchorea inayopatikana bure, ambayo sasa ndiyo natumia kwa kila kitu. Kwenye mipangilio ya zana ya brashi kuna kituliza mkono. Ukikiwasha, mstari haukimbilii ncha, unaifuata kwa nyuma kidogo, kama mtumbwi unaovutwa kwa kamba: mvutaji anayumba, mtumbwi unapita umenyooka. Siku mbili za mwanzo unaudhi, unaona mkono wako umechelewa. Baadaye unazoea. Jiwe likatoka jiwe.

Kingine kilichonishinda ni ukubwa. Bango la A3 kwa ubora wa kuchapisha, nukta 300 kwa inchi, ni pikseli 3508 kwa 4961. Nikifika tabaka ishirini na kitu za mchoro, moja juu ya nyingine, GB 8 za RAM zinaanza kulia na brashi inaburuta. Nimejifunza kuunganisha tabaka mapema. Anayechora mabango kila siku atafute GB 16 na asinisikilize mimi.

Umeme ukikatika nachora saa tatu, nikipunguza mwanga zinafika nne. Betri ni ya mtumba, silalamiki. Uzuri wake inachaji kwa tundu la USB-C, ila chaja ya simu haitoshi, unataka ya wati 45 kwenda juu.

Juani usijisumbue. Nilikwenda Mwaloni pale Kirumba nikitaka kuchora akina mama wanaoanua dagaa, nikakaa saa moja nikitazama kidevu changu mwenyewe kwenye kioo. Nilitoa daftari na penseli ya HB. Vidole vilishakuwa na mafuta ya dagaa, na hilo ni la kufikiria pia: kioo kichafu kwa mafuta ya samaki, kalamu inateleza hadi unatamani kulia.

Wateja ndio hawajaizoea. Nikiikunja kinyume kuna atakayeshtuka: "Dada, umeivunja!" Mtoto wa jirani anaiita kompyuta ya sarakasi. Lakini kwa steshenari imeniletea faida ambayo sikuipangia hesabu, nayo ni ya kutia sahihi. Zamani barua ya kutumwa kwa barua pepe niliichapa, nikaitoa, mteja akasaini, nikaiskani tena. Karatasi moja, wino, dakika tano. Sasa naigeuza mashine, naisukuma kaunta, anasaini juu ya kioo.

Juzi alikuja mama mmoja mtu mzima, amevuka asubuhi kutoka Ukerewe, ana barua ya madai ya mirathi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wino uko wapi kwenye hii?"

"Haina wino mama, we saini tu kama kawaida."

Aliishika kalamu kwa vidole vinne, akainama, akakandamiza kwa nguvu za mtu aliyezoea kuandikia karatasi za kaboni, nakala tatu kwa mpigo. Nikashika pumzi. Mstari ukanenepa pale alipokandamiza, ukakonda mwishoni alipoinua mkono na kuzungusha kile kimkia cha jina lake. Akautazama. Akaomba arudie, si kwa kuwa alikosea. Alirudia mara tatu, akachagua ya pili.

Alipoondoka niliitazama ncha, imelika upande mmoja kama chaki. Hazikai: kwa kuchora kila usiku moja inanimalizikia miezi miwili, miwili na nusu, na hapa Mwanza sijaziona zikiuzwa. Kuna kijana Dar anazileta, kumi kwenye pakiti, anaziweka kwenye bahasha na kuipandisha basi, mimi naipokea stendi ya Nyegezi. Nauli ya bahasha inakaribia bei ya ncha zenyewe. Zimebaki tatu.