Vidonge vya levodopa na kabidopa: tathmini ya mwalimu anayeishi na Parkinson

Ninatathmini hapa vidonge vya kawaida vya levodopa na kabidopa, visivyo na chapa kubwa, ambavyo nimekuwa nikivinunua Dar es Salaam tangu nilipogundulika, kabla sijafika miaka 50, kuwa na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoukakamaza mwili na kuutetemesha. Huku kwetu ugonjwa huu huhesabiwa kuwa ni wa wazee, na mtu wa makamo ambaye mkono wake umekuwa mzito huambiwa kwanza kwamba ni uchovu, kiharusi au mkono wa mtu. Hata wazee wenyewe hawatambuliwi: utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ambapo watafiti walipita nyumba kwa nyumba, ulikuta kwamba wengi wa wagonjwa waliopatikana hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini.

Kwa kazi yake kuu, dawa hii naipa alama za juu kabisa. Ubongo wetu sisi wagonjwa umepungukiwa na dopamini, kemikali inayousaidia kuongoza miondoko ya mwili, na dopamini yenyewe ikimezwa haifiki huko. Levodopa hufika, kisha hugeuzwa kuwa dopamini. Kabidopa huizuia isigeuzwe mapema ikiwa bado nje ya ubongo, jambo ambalo lingepoteza dawa na kuleta kichefuchefu kikali. Ninafunga vifungo vya shati mwenyewe, na maandishi yangu ubaoni, ambayo yalikuwa yakisinyaa mpaka wanafunzi wa nyuma hawayasomi, yamerudi kuwa makubwa. Ukakamavu wa misuli umepungua sana. Kutetemeka kumepungua kidogo tu, nami naona ni haki msomaji alijue hilo kabla ya kununua.

Tatizo liko katika namba zilizoandikwa kwenye pakiti. Ya kwanza ni miligramu za kabidopa na ya pili ni za levodopa, hivyo 25/100 na 25/250 ni dawa mbili tofauti, ingawa majina yake ni yale yale. Duka moja la dawa, lilipoishiwa na 25/100 nilizoandikiwa, lilinipa 25/250 na kunishauri nimeze nusu kidonge mara tatu kwa siku, kwa maelezo kwamba ni kitu kile kile. Sivyo. Vidonge vitatu vya 25/100 vinampa mgonjwa miligramu 75 za kabidopa kwa siku, ilhali nusu tatu za 25/250 zinampa 37.5 tu, na mwili kwa kawaida huhitaji kati ya 70 na 100 ili kichefuchefu kizuilike. Nilitapika siku hizo zote, hadi daktari bingwa wa mishipa ya fahamu aliponifanyia hesabu hiyo kwenye karatasi. Kwa mtu anayeanza dozi ndogo, 25/250 iliyokatwa siipendekezi, hata kama bei yake inavutia.

Dawa hii inadai pia nidhamu ya saa na ya chakula. Protini hugombania nayo njia ya kupita kutoka utumboni hadi damuni, kwa hiyo nikiimeza pamoja na ugali na maharage huchelewa, na kipindi cha saa sita huniponyoka nikiwa nimekakamaa kitini. Naimeza nusu saa kabla ya kula, na samaki nimemhamishia usiku. Sisi tulioanza kuugua mapema tunapatwa upesi zaidi na miondoko isiyo ya hiari ambayo dawa yenyewe huileta baada ya muda. Ndiyo maana daktari wangu hupandisha dozi polepole, nami nakubaliana naye kwa moyo wote, kwani nina miaka mingi ya kuishi na kidonge hiki.

Upatikanaji ndio unaoishusha alama, ijapokuwa mchanganyiko huu umo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nunua pakiti nyingine kabla ya ile uliyonayo kukaribia kwisha, maana kuiacha ghafla kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kwa hatari. Na ukienda zahanati kwa sababu ya kutapika, mwambie mhudumu mapema kwamba una Parkinson, ili asikupe metoklopramaidi, dawa ya kuzuia kutapika ambayo huizuia dopamini kufanya kazi na kuzidisha dalili zile zile unazozitibu.