Adapta ya M42 kwenye Sony a6000: uzoefu wangu Kisumu

Adapta, yaani pete ya kufungia lenzi za zamani za M42 kwenye kamera ya kisasa kama Sony a6000, inafaa kabisa hata ikiwa ya bei ya chini, mradi urefu wake uwe sawasawa. Kasoro nyingine zote zinavumilika.

Yangu ni pete ya alumini tu, haina kioo wala waya. Niliiagiza mtandaoni, haikufika shilingi elfu mbili, nikaitumia kufunga Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya milimita 58, f/2 (f ni kipimo cha tundu la kupitisha mwanga: namba ndogo, tundu kubwa). Lenzi za M42 hufungwa kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, na hiyo 42 ni kipenyo cha uzi wake kwa milimita. Zimeundwa zikae milimita 45.46 mbele ya filamu. Kwenye Sony zenye mlango wa lenzi wa E-mount, kama a6000, lenzi hukaa milimita 18 tu mbele ya sensa, kile kipande kinachopokea picha badala ya filamu. Adapta inajaza hizo 27 na ushee zilizobaki, basi. Ikiwa ndefu kupita kiasi, vitu vya mbali havitatulia, yaani havitaonekana vikali, hata ufanyeje.

Nilienda kuipima asubuhi Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria, kwa kuwa ziwa lina umbali wa kutosha. Nikafungua tundu lote, nikalenga mashua za wavuvi kule mbali, nikakuza picha kwenye skrini. Matanga yalitulia kabla pete ya fokasi haijagota mwisho, kumaanisha adapta imepunjwa urefu kiasi cha unywele. Heri hivyo kuliko kuzidi, ila alama za mita zilizochorwa kwenye lenzi siziamini tena.

Kamera yenyewe haijui kama kuna lenzi, kwa hiyo isipopewa ruhusa kwenye menyu ya kupiga bila lenzi, itagoma. F uliyotumia pia hairekodiwi. Mwanga haunisumbui: naweka kamera kwenye A, ambapo mimi nachagua tundu nayo inajipangia kasi ya shata. Fokasi ndiyo kazi. Zile rangi nyekundu zinazoonyesha kingo zilizotulia hunidanganya kwenye f/2. Zinawaka puani na machoni kwa pamoja. Nakuza jicho kwanza, ndipo nabonyeza.

Hilo linachukua muda. Mama mmoja aliyekuwa akianika omena alikubali nimpige, akanyamaza, akangoja, mwishowe akaniuliza, "Kijana wangu, hiyo kamera imelala?" Picha ilitoka nzuri mno: kope moja moja, magamba ya omena yaking'aa kiganjani, na nyavu nyuma yake zimeyeyuka. Lakini harusini siipeleki. Bibi harusi hangoji mtu azungushe pete.

Wanaoitafuta Helios kwa ajili ya ule usuli, yaani mandhari ya nyuma, unaoonekana kama unazunguka wajue kwamba sensa ya a6000 ni ndogo na inakata pembe za picha, mahali ambapo mzunguko huo huonekana zaidi. Mimi sijali. Milimita 58 zinakuwa kama 87, na huo ni urefu mtamu kwa nyuso.

Malalamiko yangu ni mawili. Ndani adapta ilikuwa inang'aa, jua likipiga kwa mbele picha inapauka; nikaipaka rangi nyeusi isiyong'aa, nafuu ikaonekana, ingawa Helios yenyewe haipatani sana na jua la usoni. Pili, inacheza kidogo pale inaposhikana na kamera, hasa kwa kuwa grisi ya lenzi imekauka na pete ya fokasi ni nzito kuzungusha. Kwenye picha sijaona athari. Kama namba za lenzi zikitokea ubavuni badala ya juu, tafuta skrubu tatu ndogo pembeni mwa adapta, zilegeze, zungusha pete ya ndani, ukaze.

Mwenye DSLR ya Nikon, kamera ya dijitali yenye kioo cha kuakisi ndani, asikimbilie kununua. Lenzi za Nikon hukaa milimita 46.5 mbele ya sensa, tayari ni mbali kuliko M42 inavyotaka, kwa hiyo pete tupu itampa picha za karibu tu. Ziko adapta zenye kioo cha kurekebisha, lakini kioo cha bei rahisi nyuma ya lenzi nzuri huishusha hadhi. DSLR ya Canon yenye mlango wa EF, kwa milimita 44, haina shida hiyo.